Neno Moja la Mzee Springi

Mume wangu ni mtu wa maneno machache hata kwa Kiswahili, kwa hiyo siku aliyoniambia anataka kujifunza Kiingereza nilidhani ana homa. Nikamgusa paji la uso. Akautoa mkono wangu taratibu, akasema, "Sitaki chote. Nipe neno moja tu."

Tulikuwa karakanani, yaani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ambacho tulikibomoa ukuta mmoja tukaweka mlango mpana ili makochi yapite. Yeye ni fundi wa makochi. Anavua kitambaa kilichochakaa, anabadilisha sponji, anakaza springi zilizolegea, halafu anavisha upya. Mimi nashona vitambaa kwa cherehani iliyo karibu na dirisha. Mtaa mzima unamwita Mzee Springi, na mimi pia namwita hivyo nikiwa nimemkasirikia, yaani karibu kila siku.

Chanzo cha hiyo homa ya Kiingereza kilikuwa simu ya binti yetu. Ndiye mtoto wetu wa pekee, anaishi nchi ya mbali, na baada ya kuhangaika sana alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Tatizo ni kwamba masomo yenyewe yalikuwa na zamu za usiku hospitalini, na mtoto wake wa miaka saba hakuwa na mtu wa kubaki naye. Baba wa mtoto alishajiondokea zamani, na habari zake ziishie hapo. Basi binti akasema atakuja naye likizo, wakae nasi kwa muda, na mtoto akituzoea atamwacha kwetu mpaka mwaka wa kwanza wa masomo uishe.

"Lakini Mama," akasema, "nikiona hajatulia, narudi naye. Masomo basi. Siwezi kupanda ndege nimemwacha analia."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayejua kinachomsubiri, akaongeza kwamba mtoto hajui Kiswahili.

"Hajui vizuri?"

"Hajui kabisa, Mama."

Nilimpa vipande vyake. Nilimwambia mtoto asiyeweza kumwomba bibi yake maji ni mtoto gani, na mengine ambayo sitayarudia. Binti alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akasema anatoka kazini jioni mtoto ameshashinda na watu wengine tangu asubuhi, na akifika nyumbani hana nguvu hata ya kuvua viatu. Hapo nikamwambia waje. Nilipokata simu nililia, kwa sababu alikuwa mwanangu, alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimemgombeza.

Sasa, mimi Kiingereza ninacho. Nilikaa mapokezi ya zahanati mpaka nikastaafu, na wageni wa kila aina wamepita mbele ya dirisha langu. "Good morning. Take a seat. Where is the pain? Next, please." Habari za asubuhi, kaa kitini, unaumwa wapi, anayefuata: ulimi wangu umeyazoea hayo kuliko unavyolizoea jina langu. Kwa hiyo Mzee alipotaka neno, nilijitolea kumpa ishirini, nikaanza na za asubuhi na za jioni.

"Hapana," akasema. "Ishirini nitayachanganya. Nipe moja nilijue kwelikweli, niwe nalisema na mtu asicheke."

"Neno gani sasa?"

"Wewe ndiye mwenye Kiingereza. Watoto wadogo wanasema neno gani sana?"

Hilo nalo sikulijua, maana zahanatini watoto wanalia tu. Nikaenda kumuuliza jirani yetu ambaye ni mwalimu wa chekechea. Alikuwa anaanika nguo, na wala hakusimama kufikiri. "Again," akasema, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni. "Ukimbembeza, again. Ukimaliza hadithi, again. Ukijigonga kichwa kwenye mlango akacheka, again. Mimi natamani wasahau hilo neno."

Nikarudi, nikamwambia Mzee ni again, maana yake ni tena. Akalisema polepole mara kadhaa, kisha akasema, "Haya. Nipe sentensi."

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilidhani neno moja ni kazi ya dakika moja. Yeye alilichukua kama anavyochukua kochi la mteja: alitaka kuliona chini, juu na ndani. Na mwanzoni alilikosea vibaya, maana alilipachika kila mahali ambapo sisi tunasema tena. Nikimaliza chai yangu, akiinua birika kuniongezea, "Tea again?" Nikamwambia hapana, ukisema hivyo unaonekana unalalamika, chai tena, kila siku chai. Nikimpa kipande cha tatu cha mkate, "I don't want again." Hapana, nikasema, hiyo nayo hawasemi.

"Kwa nini? Si ndiyo sitaki tena?"

Sikujua kwa nini. Zahanatini hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Lakini sikutaka kuadhirika mbele ya mume wangu mwenyewe, kwa hiyo nikafikiri kwa mara ya kwanza tangu nianze kukitumia Kiingereza hicho. "Again," nikasema, "ni jambo limetokea. Likaisha. Halafu likatokea mara nyingine. Shika hapo hapo kwanza, usitoke."

Aliweka nyundo chini akawaza, nami nikabadilisha uzi kwenye cherehani.

"Kwa hiyo lazima iwepo mara ya kwanza," akasema.

"Lazima."

"Basi ni neno la kusubiri," akasema, akaokota nyundo yake.

Tangu siku hiyo alianza kupatia. Alikuwa anakuja kwangu na jambo, ananiuliza lile jambo kwa Kiingereza linaitwaje, analifunga kwenye neno lake, kisha ananiuliza kama iko sawa. "It is raining again. Iko sawa?" Iko sawa. "The cat is here again. Iko sawa?" Iko sawa, mfukuze. Kijana anayetuletea sponji, ambaye hajawahi kufika kwa wakati tangu azaliwe, alipotokea saa sita badala ya saa tatu alipokewa mlangoni na "You are late again," na akaomba radhi kwa Kiingereza kabla hajajua anaongea na nani. Na nyundo. Mzee wangu huiweka nyundo popote pale mkono unapochoka, kisha huitafuta nyumba nzima. "The hammer is lost again" ikawa ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Siku moja niliweka sahani ya maharage mezani. Akaitazama, akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Beans again. Iko sawa?"

Iko sawa sana, nikamwambia, na sahani nikaiondoa. Baadaye nilimrudishia. Lakini ukweli nausema: moyoni nilimvulia kofia. Nimekaa na Kiingereza miaka mingi na sijawahi kukitumia kumwambia mtu ninachohisi.

Wakaja. Binti yetu amekonda, na nyuma yake, ameshika sketi ya mama yake kwa mikono miwili, mtoto mwenye macho makubwa na begi la mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nikainama mpaka tukawa sawa kwa uso, nikatoa sauti yangu nzuri kuliko zote.

"Good morning," nikasema, ingawa ilikuwa jioni. "Take a seat."

Akakaa. Nikafurahi.

"Where is the pain?"

Midomo ikamtetemeka. Akamtazama mama yake, akaangua kilio ambacho jirani alikisikia. Binti yangu akamkumbatia, akaniambia juu ya kichwa cha mtoto, "Mama, anadhani tumemleta kuchomwa sindano." Nami kwa kuchanganyikiwa kidogo tu niseme "Next, please." Nilijiondokea nikaenda jikoni, nikasimama nimeliangalia jiko.

Mzee alitoka nje. Aliingiza mizigo.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Asubuhi mtoto akiamka anasema anataka kwenda kwao. Mchana anasema anataka kwenda kwao. Mama yake akienda kuoga, anakaa nje ya mlango wa bafu. Akienda getini kutupa taka, mtoto analia mpaka anakohoa. Mimi nilijaribu kila sentensi niliyonayo, na kila nikifungua mdomo alijisogeza nyuma ya mama yake, akihofia sindano. Kwa Kiswahili nilimwambia maneno yote matamu ninayoyajua, na yote yalimpita kando.

Siku moja binti yangu alikuwa anakata vitunguu, nami nilijua machozi yale si ya vitunguu. "Mama, unaona mwenyewe," akasema. "Nitawapigia chuo niwaambie siendi."

"Ngoja kidogo."

"Kungoja nini? Nafasi yenyewe hawanishikii milele. Lakini huyu nikimwacha hivi, nitasoma nini mimi, nitaelewa nini?"

Mimi nikiona sina la kusaidia napata hasira. Nilikwenda karakanani nikamsimamia Mzee. "Wewe na neno lako," nikamwambia. "Umelinoa mpaka linang'aa, mtoto yuko hapa, hulisemi. Unalifuga la nini?"

Alikuwa na misumari midogo midomoni, kama kawaida yake akipiga kitambaa. Akaitoa mmoja mmoja kabla ya kunijibu.

"Niseme again ya nini?" akasema. "Mimi na yeye hatujafanya kitu. Hatuna mara ya kwanza."

"Sema tu, asikie lugha yake!"

"Nitakuwa nasema uongo, Mama. Mtoto atajua."

Nikamwita kichwa kigumu. Angeweza kunikumbusha kwamba kuna mtu humu ndani alisema tu, na mtoto akadhani yuko hospitalini. Hakunikumbusha. Alirudisha misumari mdomoni, akaendelea na kazi, na kwa hilo peke yake ningeweza kuolewa naye upya.

Mara ya kwanza ilikuja yenyewe, asubuhi ya mvua. Kochi la mwenye duka la dawa lilikuwa katikati ya karakana, limevuliwa nguo zote, springi zake ziko wazi. Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini, mtoto kajibanza ubavuni kwake. Mzee alikuwa anavuta springi moja kwa koleo aifunge mahali pake. Koleo likateleza. Springi ikaruka, ikagonga kopo la misumari, kifuniko cha kopo kikadondoka kwa ubavu wake kikaanza kubingirika. Kikapita chini ya cherehani yangu, kikazunguka mguu wa meza, kikaenda kuyumbayumba na kulala kwa kelele mbele ya viatu vya mtoto.

Mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi tu, kilimtoka kabla hajakizuia, kisha akafunga mdomo kwa mkono.

 Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali na sikuthubutu kuusogeza. Mzee hakucheka wala hakumchekea. Aliinuka, akakiokota kifuniko, akakirudisha juu ya kopo. Akaiokota springi, akaishika kwa koleo pale pale ilipokuwa. Ndipo akamtazama mtoto, na kwa sauti ileile aliyomwambia mtu wa sponji, akauliza:

"Again?"

Mtoto akamtazama mama yake. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Springi ikaruka, ikakosa kopo, ikapiga ukuta.

"Again," akasema mtoto.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwetu ambalo halikuhusu kurudi kwao. Springi iliruka asubuhi nzima. Ilivunja glasi yangu moja na sikusema neno. Mwenye duka la dawa alipopita kuulizia kochi lake nilimzuia mlangoni nikamwambia asubiri, fundi yuko kazini. Akachungulia, akamwona Mzee Springi amepiga magoti anatafuta kifuniko chini ya meza na mtoto kapiga magoti kando yake, akanitolea macho. Nikamwambia ni hatua muhimu ya matengenezo.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumsukuma Mzee. Alikuwa na mara za kwanza tele, na neno lake likapata kazi. "The hammer is lost again," anasema, na mtoto anatoka mbio kuitafuta, anairudisha kwa mikono miwili. Mzee akaanza kumwita Fundi. Fundi akapewa kopo lake mwenyewe la misumari iliyopinda na kipande cha ubao. Na kila Mzee alipomaliza sentensi yake alinigeukia kama zamani, "Iko sawa?" nami kutoka kwenye cherehani nikasema iko sawa. Fundi alikuwa anatazama huku na huku tukijibizana hivyo, kama anayetazama watu wakirushiana mpira.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado. Fundi alimpenda babu yake, hilo hata kipofu angeliona, ila mama yake akipotea machoni hata kidogo kilio kilikuwa kilekile. Binti yangu akaja karakanani akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Baba, nimejaribu," akasema. "Anacheka, sawa. Lakini hajakubali niondoke. Nitamwachaje?"

Mzee akatoa misumari mdomoni. "Hajawahi kuona ukiondoka hapa ukarudi."

"Baba, kule kila siku nilikuwa naondoka na kurudi."

"Kule. Hapa hajaona. Nenda dukani."

"Kununua nini?"

"Chochote. Nenda, halafu rudi."

Binti akanitazama kama anayeuliza baba yake ameanza lini kuchanganyikiwa. Nikainua mabega. Akaenda. Fundi alilia muda wote ule, na sitaki kueleza sana kilio hicho, maana bado nakisikia. Nilitaka kumbeba nimkimbize kwa mama yake. Mzee alikaa naye chini sakafuni, mgongo ukutani, hakumpa hata neno moja la kumbembeleza. Geti likalia. Binti yangu akaingia na kiberiti mkononi, anahema, machozi yanamtoka.

Mzee akainuka, akamwonyesha kwa mkono kama anamtambulisha kwa wageni. "Mummy is here again," akasema. Kisha akanigeukia. "Iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Mtoto alimtazama babu yake, akamtazama mama yake, akamtazama tena babu. Alikuwa analipima lile neno. Alikuwa ameshalisikia kwenye mvua, kwenye paka na kwenye nyundo, na kila mara lilikuwa kweli.

Hapo ndipo nilipoielewa akili ya mume wangu, nikaona haya kwamba nimekaa naye umri wote huu nikidhani ananyamaza kwa sababu hana la kusema. Springi mpya huipima hivyohivyo. Anaikandamiza kidogo, anaiachia. Anaikandamiza zaidi, anaiachia. Hajawahi kumpa mteja kiti ambacho hakukikalia yeye kwanza. Sasa alikuwa anamtuma binti yake dukani, kesho yake sokoni, siku nyingine mjini tangu asubuhi mpaka mchana. Kila mara kilio kilikuwa kifupi kidogo, na kila mara sentensi ilisemwa mtu akishaingia mlangoni, si kabla. Kwa kuwa binti hakujua anunue nini, alinunua viberiti, na nyumba ikajaa viberiti vya kutosha kuchoma mtaa.

Siku aliyokwenda kwa shangazi yake kulala huko, mimi ndiye niliyeshindwa. Mvua ilikuwa inanyesha, mchana wa kesho yake umefika, hajarudi. Fundi kakaa kizingitini, kifuniko cha kopo mapajani, halii, ila hagusi chakula.

"Mwambie mama yake anakuja," nikamnong'oneza Mzee. "Mpe moyo mtoto wa watu."

"Simwambii," akasema. "Nina la kumwambia akishafika."

"Una roho ngumu wewe."

"Nikisema sasa, halafu asipotokea mpaka jioni, neno langu limekufa. Na ninalo moja tu."

Geti likalia. Binti akaingia amelowa chapachapa. Mzee akasema sentensi yake, nami nikaona midomo ya mtoto inaisema pamoja naye bila sauti.

Ikafika siku ya kuondoka. Makubaliano yetu yalikuwa wazi: sanduku litapakiwa kwenye teksi, lakini mtoto akikataa, sanduku linashushwa, na begi lake linapakiwa pamoja na la mama yake siku nyingine, na uuguzi tunausahau. Binti alikuwa amemweleza kila kitu, kwamba safari hii si ya dukani wala ya kwa shangazi, ni ndefu kuliko zote. Mtoto alisikiliza na hakusema ndiyo wala hapana.

Tulisimama getini. Dereva wa teksi alifunga buti, akajifanya anakagua matairi, Mungu ambariki. Binti yangu akapiga magoti mbele ya mwanawe. Mtoto akamshika mkono, na nilivyouona mkono ule ulivyoshika, nilijua umeshika wa kutoachia. Binti akaniangalia juu ya bega la mtoto. Uso wake ulikuwa unaniambia ameshindwa.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari kutoa Kiingereza changu chote cha mapokezi, kuanzia asubuhi njema mpaka anayefuata, kama kingeweza kusaidia. Kisingesaidia. Nikamgeukia Mzee. Alikuwa amesimama na nyundo yake mkononi, hakuiweka popote siku hiyo, na macho yalikuwa yamemjaa maji. Mtoto naye akamgeukia. Alikuwa anangoja babu aseme.

Babu hakusema. Aliweza kusema, maneno yote ya sentensi ile anayajua, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilitamani kumtikisa mabega. Lakini alimtazama mjukuu wake machoni, akatikisa kichwa taratibu kukataa. Ilikuwa bado haijawa kweli, naye hakuwa tayari kumdanganya.

Fundi aliwaza. Niliona anawaza, uso umekunjamana kama wa babu yake akitafuta springi iliyolegea. Kisha akauachia mkono wa mama yake. Akasema polepole, kwa Kiingereza chake, neno baada ya neno, kitu ambacho hakuna aliyemfundisha.

"Mummy will be here again."

Halafu akageuka. Hakumtazama mama yake, wala babu yake. Alinitazama mimi, bibi wa sindano, na mpaka siku ile alikuwa hajaniambia neno.

"Iko sawa?" akaniuliza.

Mapokezi nimeulizwa maswali mengi. Nimeulizwa na watu wenye damu mikononi, na watu walioleta wazazi wao migongoni. Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile. Nilimtazama binti yangu, na binti yangu akaniitikia kwa kichwa huku machozi yanadondoka kidevuni, na nilijua ananiahidi mimi kabla ya kumwahidi mwanawe.

"Iko sawa," nikasema. "Iko sawa kabisa."

Binti akambusu, akaingia kwenye teksi. Fundi hakulia mpaka teksi ilipokata kona, na hapo alilia, kwa haki yake, nami nikambeba na akakubali kubebwa. Tulirudi ndani hivyo. Karakanani Mzee alianza kupapasa mifuko, akainua mto, akachungulia chini ya meza.

"The hammer is lost again," akasema.

Fundi akajifuta uso kwenye bega langu, akaangalia. Kisha akateremka, akaenda mpaka kwa babu yake, akamgusa mkono wa kulia, ambamo nyundo ilikuwa imeshikwa wakati wote.